Ulisema nini kabla ya vita?

“Mjomba, huyu alisema ndiyo.”

Mpwa wangu anaishi Minneapolis. Kwake ilikuwa jioni, kwangu alfajiri. Alikuwa amenipigia simu ya video huku vipeperushi vya wagombea vimetapakaa mezani kwake, kikombe cha chai kimewekwa juu ya kimojawapo. Alikuwa akijiandaa kwa mchujo wa Agosti, wa kwanza tangu ale kiapo cha uraia wa Marekani. Wagombea wawili wa chama kimoja walikuwa wakigombania tiketi ya kiti kimoja. Kuhusu kodi za nyumba, bima ya afya na shule, maneno yao yalikuwa yale yale, ungedhani wameandikiwa na karani mmoja. Tofauti aliyoiona ni moja tu: miaka kadhaa nyuma, vita vilipokuwa vikijadiliwa, mmoja alivipinga na mwenzake akaviunga mkono.

Nikamjibu kama mtu wa umri wangu anavyomjibu kijana. “Mwanangu, mla ni mla leo, mla jana kala nini?”

Akatulia kidogo.

“Kwa vita sivyo, Mjomba. Aliyekufa jana bado amekufa leo.”

Tukahamia habari za shangazi zake na harusi ya Desemba. Lakini neno lile halikunitoka. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilirudia, na kila nikilirudia linanipeleka kwenye mchujo mmoja ambao sisi huku Kenya tulidhani tunaujua kuliko mtu yeyote duniani.

Tulisema ni damu

Ya Barack Obama na 2008 hayahitaji kusimuliwa upya. Kogelo kijiji cha baba yake, Mama Sarah nyanya yake wa kambo, sikukuu ya taifa ya Novemba 6: kila mtu ana yake ya kukumbuka.

Ninachotaka kukumbusha ni Januari ya mwaka ule. Wapiga kura wa jimbo la Iowa walipokutana Januari 3 kumchagua mgombea wa chama cha Democratic, sisi hatukuwa na macho ya kuwatazama. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu kanisa la Kiambaa lichomwe likiwa na watu ndani, katika ghasia za baada ya uchaguzi wetu. Obama mwenyewe, katikati ya pilikapilika za kampeni, alirekodi ujumbe wa kutuomba tutulie. Tulipopata nafasi ya kuinua kichwa tukakuta ameshinda: yeye kama asilimia 38, John Edwards 30, Hillary Clinton 29.

Tukajieleza ushindi ule kwa namna yetu. Wengine wakasema ni damu ya Mjaluo, wengine wakasema ni ulimi, wengine wakasema ni wakati wa Mungu.

Iowa walikuwa wakizungumza kuhusu vita vya Iraq.

Sisemi ngozi na ulimi havikuwa na kazi. Lakini ukimwondolea Obama msimamo wake wa 2002 wa kupinga vita hivyo, sioni ni kwa hoja gani seneta aliyeingia Washington Januari 2005 angesimama mbele ya Hillary Clinton na kuwaambia wanachama wa chama chake kwamba yeye anafaa zaidi. Uzoefu ulikuwa wa mama. Jina lilikuwa la mama. Wafadhili wakubwa walianza kwa mama. Yeye alikuwa na kitu kimoja ambacho mama hakuweza kukipata kwa fedha wala kwa bidii, kwa sababu kilikuwa nyuma, na huko hakuna anayeweza kurudi.

Majina 77

Usiku wa manane wa kuamkia Oktoba 11, 2002, Seneti ya Marekani ilipiga kura ya kumruhusu George W. Bush kutumia jeshi dhidi ya Iraq. Walioafiki walikuwa 77, waliokataa 23. Siku moja kabla, Bunge la Wawakilishi lilikuwa limepitisha azimio hilo hilo kwa kura 296 dhidi ya 133.

Tazama nani walikuwa miongoni mwa wale 77: Clinton, Kerry, Edwards, Biden, Dodd, Lieberman. Karibu kila seneta wa Democratic aliyekuwa na ndoto ya Ikulu alisema ndiyo. Maseneta 29 wa chama hicho waliunga mkono, 21 wakapinga. Kule kwa wawakilishi mambo yalikuwa kinyume: wa Democratic 126 walikataa na 81 wakakubali. Nimelitafakari jambo hilo sana. Yaelekea mtu aliyekuwa akiota urais alihisi kwamba kusema hapana ndiko kutakakomgharimu baadaye. Uchaguzi wa Bunge la Marekani ulikuwa wiki chache mbele, majivu ya New York hayajapoa, na hakuna aliyetaka kuitwa mwoga.

Kulikuwa na ripoti ya kijasusi ya kurasa zaidi ya 90 iliyowekwa pahali pa siri kwa ajili ya maseneta. Waliokwenda kuisoma yote walikuwa wachache mno. Bob Graham wa Florida, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, aliisoma na akapiga kura ya hapana. Clinton alisema baadaye kwamba alipewa muhtasari wake.

Hapo ndipo panaponiuma. Kura ile ilifika mbali. Vijana wa Uganda kwa maelfu walikwenda kulinda kambi za Wamarekani huko Iraq, wakiwa wameajiriwa na kampuni za ulinzi, na zipo nyumba Kampala zilizojengwa kwa mshahara ule na zipo familia zilizobaki na majonzi. Uamuzi wa namna hiyo ulistahili kurasa 90.

Shaka yangu: maneno ya barabarani

Lakini nikiwa peke yangu namtetea Clinton, na sioni haya kusema hivyo.

Obama alitoa hotuba yake Chicago, Oktoba 2, 2002, kwenye mkutano wa kupinga vita. Alisema hapingi vita vyote, anapinga vita vya kijinga, vya pupa. Ni hotuba nzuri, na yaliyotabiriwa ndani yake yalitimia kwa namna ya kuogofya. Lakini alikuwa seneta wa bunge la jimbo la Illinois tu, si wa Washington, akiwakilisha wilaya iliyokuwa na Hyde Park, pahali ambapo kupinga vita hakukuwa na hatari kubwa. Hakuwa na kura. Hakuwa na ripoti ya siri ya kusoma au kuacha kuisoma. Julai 2004, chama kilipokuwa kikijiandaa kuwateua Kerry na Edwards, wote wawili wa kura ya ndiyo, aliulizwa angepiga kura gani kama angekuwa Seneti. Alijibu kwamba hajui, ingawa kwa pale alipokuwa yeye hoja ya vita haikuwa imethibitishwa.

Bill Clinton aliling’ang’ania jibu lile. Siku moja kabla ya mchujo wa New Hampshire alisema habari nzima ya Obama na Iraq ni hadithi ya kubuni, kubwa kuliko zote alizowahi kuona. Alisema kwa hasira ya mume, na watu wengi walimchukia kwa hilo, lakini swali lililokuwa chini ya hasira ile lilikuwa la haki. Je, ni sawa kumpima aliyebeba mzigo kwa kumlinganisha na aliyekuwa amesimama kando ya njia?

Kisha nikamkumbuka Dennis Kucinich, na hoja yangu ikapinda.

Kucinich alikuwa mbunge kutoka Ohio. Mwaka 2002 aliongoza upinzani wa wawakilishi wa Democratic dhidi ya azimio lile. Alikuwa na kura, na aliipiga: hapana. Aligombea urais 2004. Akagombea tena 2008, kwenye mchujo ule ule wa Obama na Clinton. Kama wapiga kura walikuwa wakitafuta mtu aliyepinga vita kwa kura yake mwenyewe, ndani ya ukumbi, jina likiandikwa, alikuwa mbele yao. Hawakumtazama. Siku chache kabla ya Iowa aliwaomba wafuasi wake wachache wamfanye Obama chaguo lao la pili. Graham naye, aliyesoma zile kurasa, alijitosa kwenye mbio za 2004 na akajiondoa Oktoba 2003 kabla hata kura moja haijapigwa.

Kwa hiyo kuwa sahihi kuhusu vita hakukutosha kumchagulisha mtu. Kulitosha kumpa nguvu mtu ambaye tayari watu walikuwa wakimtamani na kutafuta sababu ya kumchagua.

Hilo lilinisumbua kwa siku nyingi. Bado linanisumbua.

Uchaguzi mmoja mapema

Wakati nao una yake.

Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont, alipinga vita vya Iraq waziwazi, na mwishoni mwa 2003 alikuwa ndiye anayeongoza. Vijana walimfuata, fedha ndogondogo za intaneti zikamiminika. Januari 19, 2004, Iowa wakampa Kerry asilimia 38, Edwards 32, naye Dean 18. Wanachama walewale walioichukia vita walihofia kwamba mpinzani wa vita hatamshinda Bush, wakamchagua askari wa zamani wa Vietnam ambaye alikuwa amepiga kura ya ndiyo. Kisha Kerry akasema maneno yaliyomfuata hadi Novemba: kwamba aliziunga mkono zile dola bilioni 87 za vita kabla ya kuzipinga.

Miaka miwili baadaye hali ilikuwa nyingine. Agosti 2006, Joe Lieberman, aliyekuwa mgombea mwenza wa Al Gore, aliangushwa kwenye mchujo wa Connecticut na Ned Lamont, mfanyabiashara ambaye wengi nje ya jimbo hawakumjua. Iraq ndiyo iliyomwangusha. Novemba, Lieberman akasimama bila chama na kukishinda kiti chake kwa urahisi, kwa kuwa uchaguzi mkuu una wapiga kura wengine kabisa. Wanaoukumbuka mwaka 1968 wanajua: seneta Eugene McCarthy hakumshinda Rais Lyndon Johnson kwenye mchujo wa New Hampshire, alipata asilimia 42 tu, na bado Johnson alijiondoa kabla Machi haijaisha, kwa sababu ya Vietnam.

Msimamo uleule, kwa hiyo, ulimzamisha Dean 2004 na kumbeba Obama 2008. Kilichobadilika katikati ni idadi ya majeneza.

Kwa nini mchujo, na si uchaguzi mkuu

Mpwa wangu alikuwa ameniambia jibu bila kukusudia, nami sikulisikia siku ile. Wagombea wake walifanana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Obama na Clinton. Kufikia mwishoni mwa 2007 wote wawili walikuwa wakiahidi kuwaondoa wanajeshi Iraq. Mipango yao ya afya ilitofautiana kwa vifungu. Ukiwasikiliza kuhusu kesho, ungehangaika kuwatenganisha. Vyama tofauti vinaposhindana mpiga kura ana mengi ya kuchagua, lakini ndani ya chama kimoja wagombea wote huahidi kile wanachama wanachotaka kusikia, na ahadi hazina gharama. Jana ndiyo pekee isiyoweza kurekebishwa na washauri wa kampeni.

Na Clinton alilijua hilo. Februari 2007, huko Dover, New Hampshire, aliwaambia wapiga kura kwamba ikiwa jambo lililo muhimu kwao ni kumchagua mtu ambaye hakupiga kura ile, au aliyekiri kwamba kura yake ilikuwa kosa, basi wako wengine wa kuwachagua. Ninaposoma maneno hayo namwona mwanamke aliyekokotoa hesabu ngumu. Mwanamke wa kwanza kuukaribia uamiri jeshi mkuu, akiomba radhi juu ya vita? Aliogopa wangesema hawezi kushika usukani. Edwards alikuwa ameomba radhi tangu Novemba 2005, kwa sentensi fupi ya kukubali kwamba alikosea, na mchujo haukumpa chochote cha maana kwa hilo. Clinton alikuja kuandika mwaka 2014 kwamba alikosea, bila kupamba. Miaka saba ilikuwa imepita tangu Dover.

Kwenye mdahalo wa Los Angeles, Januari 31, 2008, yeye alisisitiza kuwa tayari kwa kazi tangu siku ya kwanza. Obama akajibu kwamba ni muhimu pia kuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Akaongeza kwamba hataki tu kuvimaliza vita, anataka kuimaliza fikra iliyowaingiza vitani. Pale naamini ndipo wapiga kura walipokuwa. Walikuwa wakimpima kila mmoja kwa namna alivyofikiri wakati kelele zilipokuwa kubwa na kukubali kulipokuwa rahisi.

Kisha mtu anaingia Ikulu

Hapa kuna jambo ambalo sijalimaliza moyoni.

Desemba 1, 2009, Obama alitangaza kupeleka wanajeshi 30,000 zaidi Afghanistan. Siku tisa baadaye alikuwa Oslo akipokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 2011 ndege za Marekani zilishiriki kuishambulia Libya, na sisi Waafrika tunajua kilichofuata, kuanzia Sahel hadi kwenye masoko ya watu huko Tripoli. Mwenyewe alikuja kusema kwamba kutojipanga kwa siku ya baada ya Gaddafi ndilo kosa lake kubwa zaidi. Waliomchagua kwa hotuba ya Chicago hawakupata mtu wa Chicago. Ni kweli aliwaondoa wanajeshi Iraq Desemba 2011, kwa ratiba ambayo Bush alikuwa ameshaitia saini.

Robert Gates, aliyekuwa waziri wao wa ulinzi, ameandika kwamba alimsikia Clinton akimwambia Obama, wote wakiwa tayari serikalini, kuwa alipinga kuongezwa kwa wanajeshi Iraq mwaka 2007 kwa sababu alikuwa akimkabili Obama kwenye mchujo wa Iowa. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara inaniacha baridi. Ina maana kwamba mchujo unapoanza kuwapima watu kwa misimamo ya vita, watu nao huanza kuitengeneza misimamo ya vita kwa ajili ya mchujo. Wanajeshi wako Anbar huko Iraq, na mtu anahesabu kumbi za Iowa.

Upande wa pili

Kwa Republican mizani ilikuwa tofauti, na naipita haraka. Seneta John McCain alivitetea vita vya Iraq 2007 hadi kampeni yake ikakaribia kufa, akisema afadhali apoteze uchaguzi kuliko kupoteza vita. Chama chake kilimteua. Mbunge Ron Paul, aliyepiga kura ya hapana 2002, alizomewa. Halafu Februari 13, 2016, kwenye mdahalo wa South Carolina, jimbo lililojaa wanajeshi na wastaafu wa jeshi, Donald Trump aliiita vita ile kosa kubwa mbele ya Jeb Bush, ndugu yake George W. Bush. Wiki moja baadaye alishinda jimbo lile na Jeb akajiondoa usiku uleule. Trump alidai kuwa aliipinga tangu mwanzo, ilhali Septemba 2002, alipoulizwa redioni kama anaiunga mkono, alijibu kwamba nadhani ndiyo. Wapiga kura hawakujali. Walikuwa wamechoka na vita, na yeye aliwaambia jukwaani kwamba kuchoka huko si usaliti.

Na 2020, Bernie Sanders alimkumbusha Joe Biden kura ya 2002 kwenye mdahalo baada ya mdahalo. Rekodi ya Sanders ilikuwa safi: yeye alisema hapana. Biden akateuliwa.

Miaka 18 ilitosha.

Huku kwetu

Ndipo nilipoanza kujiuliza kuhusu michujo yetu wenyewe.

Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia. Januari 15, 2016, kambi yao ya El Adde ilivamiwa, na serikali haijawahi kutangaza rasmi ni wangapi walikufa. Mwaka uliofuata tulifanya michujo ya vyama, ile ya Aprili 2017 iliyojaa karatasi zilizokosekana na vituo visivyofunguliwa. Nilihudhuria mikutano. Barabara, maji, basari, jina la baba. Sikumsikia hata mtu mmoja akimuuliza mgombea alisimama wapi kuhusu Somalia, na miongoni mwa waliokuwa wameketi kwenye viti vya plastiki walikuwemo wazazi wa askari.

Nadhani sababu moja ni ya kiutaratibu kabisa, na ndiyo inayonikera zaidi. Kura ya Marekani ya 2002 ina majina. Mpiga kura wa Iowa aliweza kuonyesha kidole: huyu, ndiyo. Katiba yetu ya 2010, kwenye kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe kabla vikosi havijapelekwa nje kulinda amani, na kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita. Maneno mazuri. Lakini bungeni mengi huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza, ukumbi unaitikia, anaamua upande upi umepaza zaidi. Majina huandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai yaandikwe.

Novemba 2023 ndivyo Bunge la Taifa lilivyoidhinisha polisi 1,000 kwenda Haiti. Kikosi cha kwanza kiliondoka Juni 2024, wiki ileile ambayo barabara za Nairobi zilijaa vijana na moshi wa vitoa machozi. Polisi wetu kadhaa wamefia Haiti. Mbunge wangu alikuwa mbunge siku ile ya Novemba. Anaomba tiketi tena 2027, na picha zake zimeshaanza kubandikwa kwenye nguzo za umeme.

Atakapokuja kwenye baraza la mtaa wetu nitainua mkono. Nitamuuliza alikuwa ukumbini au hakuwa. Kama alikuwa, alisema nini, na alisoma nini kabla ya kusema. Nimeshawaambia jirani zangu wawili wainue mikono baada yangu, akijaribu kuruka kwenda kwenye habari ya barabara.